Kitabu au runinga: hadithi ipi ya upelelezi uisome, ipi uitazame

Umeme ulikatika mpelelezi Poirot wa runingani akiwa ameshawakusanya washukiwa wote sebuleni. Alishawaandama mmoja mmoja, alishamliza mama mwenye lulu shingoni, akageuka taratibu kumtazama mtu aliyeketi karibu na dirisha, kidole kikaanza kuinuka. Giza. Mtaa mzima uliguna kwa sauti moja, wengine kwa ajili ya mpira, mimi kwa ajili ya maiti. Umeme uliporudi ilikuwa alfajiri, na bando langu lilishaisha muda wake saa sita usiku. Siku nne nzima niliishi na wauaji watano kichwani, nikipika nao, nikifua nao.

Kitabu chake sikuwa nacho. Ningekuwa nacho ningewasha mshumaa.

Wiki iliyofuata binti wa kaka yangu, aliyemaliza mitihani na sasa anahesabu vigae vya dari, akanipigia simu.

"Shikamoo shangazi. Nina elfu hamsini. Ninunue vitabu vya upelelezi au niweke bando nitazame?"

"Marahaba mwanangu. Inategemea unapenda kudanganywa kwa masikio au kwa macho."

Alidhani namtania. Nilimaanisha hivyohivyo, na yanayofuata ndiyo niliyomwelezea baadaye kwa urefu zaidi ya alioutaka. Ni maoni yangu, mtu aliyesoma na kutazama hadithi zilezile kwa miaka mingi, mara nyingine zote mbili katika wiki moja.

Kuficha kwa maneno, kuficha kwa picha

Hadithi ya upelelezi ni changa la macho la halali. Mwandishi anaahidi kukupa dalili zote, kisha anafanya kila awezalo usizione. Kitabuni kazi hiyo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mwandishi anakuambia mezani palikuwa na kikombe, barua, miwani na ua lililonyauka. Vitu vinne katika sentensi moja, vyote vina uzito sawa. Macho yako yanapita, na kurasa mia baadaye unagundua kwamba ua ndilo lililokuwa na maneno yote.

Runinga haina anasa hiyo. Kamera ikikitazama kikombe sekunde mbili zaidi ya ilivyohitajika, mtoto wa darasa la tatu aliyelala mkekani atainua kichwa na kusema, "Kina sumu." Isipokitazama kabisa, mwishoni utaona umeibiwa. Kwa hiyo watengenezaji hutumia njia nyingine: muziki unaokutisha mahali pasipo na kitu, mtu mwenye sura mbaya ambaye hana hatia, mvua. Mvua nyingi sana, hasa wakiwa Waingereza.

Halafu kuna ugonjwa mmoja wa runinga usio na dawa. Ukiona mwigizaji mashuhuri amepewa nafasi ndogo ya jirani anayemwagilia maua, huna haja ya kuendelea kutazama. Hakuna anayemlipa mtu yule pesa zile amwagilie maua. Kitabuni jirani ni jirani tu, hana sura inayojulikana.

Kitabu kina faida nyingine ambayo runinga haijaweza kuiiga vizuri: unarudi nyuma. Muuaji akishatajwa, mimi hurudi hadi ukurasa alipoingia mara ya kwanza nikasome alichosema. Kama mwandishi ni hodari, maneno yaleyale sasa yana maana nyingine. Kwenye runinga unaweza kurudisha nyuma, ndiyo, lakini nani anafanya hivyo? Na kwa bando la nani?

Poirot: riwaya isome, hadithi fupi itazame

Agatha Christie alimwanzisha mpelelezi huyu Mbelgiji mwaka 1920, na David Suchet akamwigiza katika runinga ya Uingereza kuanzia 1989 hadi 2013, vipindi 70. Ni karibu robo karne ya mwanamume mmoja kutembea kwa hatua fupifupi kama aliyebana sarafu kati ya magoti. Nampenda Suchet kiasi kwamba nikisoma kitabu sasa namsikia yeye.

Pamoja na hayo, kuna riwaya moja ambayo nakusihi usiitazame kabla ya kuisoma, nayo ni ile ya mwaka 1926, *The Murder of Roger Ackroyd*. Poirot amestaafu, amehamia kijijini kulima mung'unye, na siku ya kwanza jirani yake daktari anapomfahamu ni pale mung'unye unaporuka ukuta na kutua karibu yake. Poirot kachoka na kilimo, kaurusha kwa hasira. Daktari huyo ndiye anayetusimulia kisa chote. Uzuri wote wa kitabu umo katika usimulizi, katika kile kinachosemwa na namna kinavyosemwa. Nikiongeza neno nitakuwa nimemwaga ubuyu.

Kipindi cha runinga cha hadithi hiyo kilitoka mwaka 2000. Waigizaji wazuri, nguo nzuri, kijiji kizuri. Lakini kamera haina mahali pa kuweka ile sauti inayokunong'oneza sikioni peke yako, kwa hiyo kilichobaki ni mauaji ya kawaida ndani ya nyumba kubwa. Aliyekitazama kwanza ameupoteza mshangao ambao hautarudi hata akisoma mara kumi. Mimi nilisoma kwanza, kwa bahati tu, na nakumbuka nilikiweka kitabu chini nikatazama ukutani.

Hadithi fupi za Poirot ni mambo mengine. Kwenye karatasi nyingi ni mifupa: mtu kaibiwa, Poirot kauliza maswali matatu, kwisha. Runinga ilizitia nyama. Kila moja ilipewa kama dakika 50, wakawekwa rafiki yake Hastings na Inspekta Japp na katibu Bi Lemon hata katika visa ambavyo Christie hakuwaweka, wakajengewa London ya miaka ya 1930 yenye majengo meupe yaliyopinda kona. Hapo nasema bila aibu kwamba kipindi kimekishinda kitabu. Anza na msimu wa kwanza, tazama kimoja kwa usiku.

*Murder on the Orient Express*, kitabu cha 1934, kinanipa taabu ya kuamua. Kitabu ni saa iliyotengenezwa vizuri: treni imekwama kwenye theluji, maiti ina majeraha kumi na mawili, hakuna aliyeweza kutoka wala kuingia. Mwisho wake, ukiufikiria, ni mwepesi mno. Poirot anatoa suluhisho mbili, wakubwa wanachagua moja, watu wanaenda zao. Kipindi cha 2010 kilikataa wepesi huo. Suchet anaonekana akipambana na imani yake, anakasirika, anatoka kwenye theluji na tasbihi mkononi, na wewe unabaki na swali la haki ambalo kitabu kiliruka juu yake. Wasomaji wengi wa zamani walichukia. Mimi naona hapo runinga ilifanya kazi ambayo Christie aliiacha. Soma kwa ajili ya fumbo, kisha tazama kwa ajili ya dhamiri, na fuata mpangilio huo.

Columbo hana kitabu cha kumsubiri

Sasa njoo upande wa pili kabisa. Columbo, wa Marekani, alionekana katika filamu ya runinga ya 1968, akawa mfululizo mwaka 1971, na Peter Falk aliendelea kumrudia hadi 2003. Vipindi 69. Hapa muuaji unamjua mwanzoni. Umemwona akiua, umemwona akifuta alama za vidole, umemwona akipiga simu ya kujifanya yuko kwingine. Ndipo anaingia mzee mwenye koti la mvua lililokunjamana, ana sigara nene, anaendesha Pijo 403 ambayo fundi yeyote wa gereji za Tanga angekataa kuipokea. Anauliza maswali ya kijinga. Anamtaja mke wake, ambaye hatumwoni. Anaaga. Anafika mlangoni, anageuka: kuna kitu kimoja kidogo tu kinamsumbua.

Kitu hicho kidogo ndicho kipindi chote. Mashaka hayapo juu ya nani. Yapo juu ya lini tajiri yule ataanza kutoka kijasho chembamba. Mtindo huu wa kuanzia mwisho haukuzaliwa kwenye runinga: R. Austin Freeman aliujaribu katika hadithi zake zilizokusanywa mwaka 1912, *The Singing Bone*. Nilizisoma. Ni za akili, za hadubini na vumbi la viatu, na kwa maoni yangu ni kavu kama muhogo uliosahaulika juani. Kinachokosekana ni uso. Muuaji anayetabasamu huku shingo inakaza ni kitu cha kutazamwa. Ukikiandika unapaswa kusema "alitabasamu huku shingo imekaza," na tayari umeharibu.

Kama utatazama kimoja tu, tafuta kipindi cha kwanza cha mfululizo ule wa 1971, *Murder by the Book*, kilichoongozwa na Steven Spielberg akiwa na miaka 24. Ni kuhusu waandishi wawili wa riwaya za upelelezi ambao majina yao yote mawili yako kwenye jalada, ila mmoja tu ndiye anayeandika. Yule asiyeandika anamuua anayeandika. Mtu ambaye kazi ya kuandika mauaji alimwachia mwenzake sasa inambidi ayafanye, tena maishani. Sijaona kitu kingine kilichosema kwa ufupi hivyo tofauti ya kuandika mauaji na kuyafanya.

Na umeme ukikatika? Hasara ndogo. Muuaji ulishamjua tangu jioni.

Sherlock Holmes na Morse, kwa haraka

Holmes ana riwaya 4 na hadithi fupi 56. Hapa hadithi fupi ndizo bora, kinyume na Poirot, kwa sababu Conan Doyle alijua kumaliza kabla hujachoka. Zisome. Ukitaka kutazama, mtafute Jeremy Brett wa 1984 hadi 1994, ambaye ana wazimu wa kutosha. Ile *Sherlock* ya kisasa, 2010 hadi 2017, ina simu na maandishi yanayoelea hewani. Misimu miwili ya mwanzo inafurahisha, baadaye mpelelezi anakuwa mwerevu hadi hakuna kesi inayomtosha. Riwaya moja ya Holmes naisisitizia: ile ya mbwa wa Baskerville, ya 1902. Kwenye karatasi yule mbwa mwenye moto kinywani anatisha. Kila nilipomwona kwenye runinga nilimwonea huruma.

Morse, inspekta wa mji wa Oxford, ni kisa cha kuchekesha, maana runinga iligeuka ikamwandikia mwandishi. Colin Dexter alianza riwaya zake mwaka 1975, Morse akiendesha Lancia. Runinga ilipomchukua mwaka 1987 ikampa Jaguar nyekundu, na John Thaw akaiendesha kwa madaha hata vitabu vya baadaye navyo vikahamia kwenye Jaguar. Mtazame, usimsome. Sababu yangu ni ya lugha: Dexter alikuwa bingwa wa chemshabongo, na vitabu vyake vimejaa michezo ya maneno ya Kiingereza ambayo mtu aliyekulia Kiswahili anaruka ukurasa mzima akijiuliza kicheko kiko wapi. Kwenye kipindi kuna mji wa Oxford, kuna bia, kuna ukimya, na kuna muziki wa mwanzo ambao mdundo wake unataja jina la Morse kwa alama za simu ya upepo. Kitabu hakiwezi hilo.

Bwana Msa, na kwa nini asomwe kwa sauti

Nilimwambia binti yetu: kabla hujatumia hata shilingi kwa Waingereza, kuna deni la nyumbani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi wa Kiswahili la mwaka 1957 na 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapishwa 1960. Humo ndimo Bwana Msa alimotokea na kiko chake, na Najum pembeni wa kuuliza maswali ambayo nasi tungeuliza. Jamaa wa Holmes? Ndiyo, kiko hakijifichi. Lakini Holmes anasoma matope kwenye viatu. Bwana Msa anasoma watu, nani kaoa wapi, nani kamnyima nani urithi, nani anasalimia kwa adabu iliyozidi kipimo.

Maiti inapatikana penye mzimu. Wote wako tayari kuamini kuwa wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa peke yake anakaa kimya akivuta kiko, kwa kuwa anajua mzimu una faida moja kubwa kwa muuaji: hauitwi mahakamani. *Kisima cha Giningi*, cha 1968, kinafanya mchezo uleule na jina ambalo kila mtoto wa Unguja alitishiwa nalo, mji wa wachawi. Msomaji wa Kizungu akisoma habari za mbwa wa Baskerville anajua moyoni ni hadithi. Sisi tukisoma Giningi kuna sehemu ndogo ya moyo inayosema, lakini je? Sehemu hiyo ndogo ndiyo mwandishi anayoichezea, na sijui kamera ingeionyeshaje.

Onyo: Kiunguja chake si cha ujumbe wa simu. Kuna maneno itabidi umuulize bibi. Kwa sababu hiyo kisome kwa sauti, jioni, watu wakiwepo. Mazungumzo yake yameandikwa kwa sikio, yakisemwa yanaamka. Mama mkwe wangu, ambaye Kiingereza cha Poirot kinampita, alimkamata muuaji wa Bwana Msa kabla yangu, akiwa anachambua mchele. Nilipomuuliza kajuaje akasema, "Mwenye huzuni ya kweli hapangi maneno."

Usimchanganye Bwana Msa na wenzake wa bara. *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, 1965, na Inspekta Wingo wake, bado ni upelelezi wenye polisi na fumbo. Lakini Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa ni watu wa bastola, ndege na wanawake warembo. *Kikosi cha Kisasi* kinampeleka Gamba hadi Kinshasa kuwasaka wauaji wa wapigania uhuru. Nawapenda. Unasoma huku unakimbia. Ila kama unatafuta fumbo la kutatua, hapo hutalipata, na kama unatafuta mbio, Bwana Msa atakulaza usingizi.

Basi, elfu hamsini iende wapi

Swali la mwisho halihusu sanaa, linahusu nani yuko nyumbani. Runinga ni baraza. Kutazama upelelezi na familia ni kufanya mahakama: mmoja anamshuku mke, mwingine anauliza "huyu nani tena?" kila dakika tano, shemeji anajifanya alijua tangu mwanzo. Kitabu kinataka kona na mtu asiyeitwaitwa. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo, riwaya ya kurasa mia mbili na ushee inaweza kuchukua mwezi, na ukishasahau nani alikuwa bustanini saa tano kasorobo, fumbo limekufa.

Kwa vitabu vya zamani vya Kiswahili, kagua kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Nakala yangu ya kwanza ya Bwana Msa niliinunua kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, nikaisoma kwa siku mbili, nikafika mahali anapogonga kiko chake atoe majivu na kuanza kueleza, na kurasa zilizobaki hazikuwepo. Labda zilifungiwa karanga. Muhula mzima mimi na binamu yangu tulibishana juu ya muuaji, tukaandika miisho miwili kwenye daftari la hisabati. Nilipopata nakala kamili miaka baadaye, mwisho wa binamu yangu ulikuwa karibu zaidi na ukweli. Hajaacha kunikumbusha.

Jambo jingine, usimtazame Poirot wala Columbo kwa wale wanaofasiri kwa sauti juu ya filamu. Ni mafundi wa filamu za ngumi, na nimecheka nao sana. Lakini mara moja nilikaa kwenye kibanda, maiti haijapoa, mfasiri akasema kwa furaha, "Mtazameni vizuri huyu mwenye tai ya bluu, ndiye mwenyewe." Tulikuwa dakika ya kumi na mbili.

Binti yetu yuko peke yake na bibi yake, nyumba tulivu, umeme wa kubahatisha. Nilimshauri *Mzimu wa Watu wa Kale* amsomee bibi, na Roger Ackroyd ajisomee mwenyewe usiku, kitakachobaki aweke bando la vipindi vya Columbo viwili vitatu. Nikamwonya asitafute jina la Ackroyd popote mtandaoni, hata picha ya jalada.

Juzi usiku ameniandikia: "Shangazi, nimefika katikati. Sasa nawashuku wote, hata wewe uliyenipa."

Sijamjibu.